Tove Jansson na Makumbusho ya Michoro Midogo

Makumbusho ya Moomin yako Tampere, mji wa viwanda uliokaa kati ya maziwa mawili kusini mwa Ufini. Yamo ndani ya Tampere-talo, jengo la matamasha na mikutano, na mgeni anayeingia kutoka nje hulazimika kusimama kidogo mpaka macho yazoee giza. Taa zimefifishwa kwa makusudi, maana wino na rangi za maji huchujuka zikipigwa na mwanga mkali, na kilichohifadhiwa humo zaidi ni karatasi. Chanzo cha hazina hiyo ni kazi zipatazo 2,000 ambazo mchoraji Tove Jansson, mwenzi wake Tuulikki Pietilä na rafiki yao Pentti Eistola waliikabidhi Tampere mwaka 1986. Michoro mingi ni midogo kama kiganja. Mtazamaji huinama, husogeza uso karibu na kioo, na hapo ndipo huona kwamba msitu mzima, dhoruba na mashua inayoyumba vimekaa ndani ya mistari myembamba kama unywele.

Jansson, ambaye jina lake la kwanza hutamkwa Tuve, alizaliwa Helsinki tarehe 9 Agosti 1914 na kufia mji huohuo tarehe 27 Juni 2001. Anajulikana duniani kwa kiumbe aliyemwita kwa Kiswidi mumintroll, ndiye Moomin. Neno la pili, troll, ni jina la zimwi wa ngano za misitu ya kaskazini, lakini msomaji aliyelelewa na hadithi za zimwi mla watu hatamtambua huyu. Ni mweupe, ana tumbo la duara, mkia mwembamba wenye kishada, na pua pana iliyovimba inayomfanya afanane na kiboko mchanga. Ana haya, anampenda mama yake, na nyumba yao haifungwi mlango kwa mgeni yeyote. Vitabu vyake vimetafsiriwa kwa lugha nyingi, na Wajapani wamempenda kiasi cha kumjengea bustani nzima huko Hanno, iliyofunguliwa Machi 2019.

Ajabu ya historia hii ni kwamba mwenye michoro hiyo hakukusudia kuingia makumbusho kwa mlango wa karatasi. Alijihesabu kuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Michoro ya magazeti na vitabu ilikuwa kazi ya kulipia kodi ya nyumba. Safari ya michoro hiyo kutoka meza ya mhariri hadi kwenye kioo cha Tampere ilichukua zaidi ya nusu karne, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilipitia nje ya majumba rasmi ya sanaa.

Alizaliwa katika nyumba ambamo kazi ya sanaa ilikuwa kama kilimo kwa mkulima. Baba yake, Viktor Jansson, alikuwa mchongaji sanamu. Mama yake, Signe Hammarsten, Mswidi wa kuzaliwa, alichora majalada ya vitabu, vielelezo vya magazeti na stempu nyingi za posta za Ufini. Familia ilikuwa ya wachache wazungumzao Kiswidi, na jambo hilo lina uzito: vitabu vyote vya Tove viliandikwa kwa Kiswidi, wala si Kifini. Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na daraja lisilotamkwa. Sanamu za baba zilikuwa sanaa; michoro ya mama ilikuwa riziki. Ni mapato ya mama yaliyokuwa ya kutegemewa, na ni kutoka kwake binti alijifunza kalamu na wino. Daraja hilohilo, la sanaa kubwa na kazi ya mkono ya kila siku, lilimfuata Tove karibu maisha yake yote.

Alisoma sanaa za ufundi Stockholm kuanzia 1930 hadi 1933, kisha akarudi Helsinki kusoma katika shule ya uchoraji iliyokuwa ndani ya Ateneum, jengo lililobeba pia mkusanyiko mkuu wa sanaa wa nchi. Mwaka 1938 akaenda Paris. Kabla ya masomo hayo yote alikuwa tayari na mwajiri. Mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 15, mchoro wake ulitoka katika Garm, jarida la dhihaka la Kiswidi lililokuwa likichapwa Helsinki na ambalo mama yake alilichorea pia. Alibaki nalo mpaka lilipofungwa mwaka 1953, akiwa amelipa michoro zaidi ya 500 na majalada yapatayo 100.

Majalada ya Garm yanastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo hadithi za baadaye zinalificha: mkono huu mpole ulijua kuuma. Oktoba 1938, mara baada ya mkutano wa Munich ambako Uingereza na Ufaransa zilikubali Hitler amegewe sehemu ya Chekoslovakia, Jansson alimchora Hitler kama mtoto mdekezi anayepiga kelele huku watu wazima wakimbembeleza kwa vipande vya keki. Ufini ilikuwa nchi ndogo kati ya Ujerumani na Muungano wa Kisovieti, na mwaka uliofuata ikaingia vitani. Kuchora hivyo mahali pale na wakati ule hakukuwa mzaha wa bure.

Ni katika kurasa za Garm pia kwamba kiumbe mwenye pua kubwa alianza kuonekana hadharani. Mwaka 1943 alijitokeza pembeni mwa michoro ya kisiasa, mdogo, mwembamba kuliko alivyo leo, akiwa kama sehemu ya sahihi ya mchoraji. Asili yake ni ya zamani zaidi. Wakati Tove akiishi kwa mjomba wake Einar huko Stockholm, mjomba huyo alimtisha kwamba stoo ya chakula ina viumbe wanaowapulizia shingoni wadokozi wa usiku. Na katika visiwa vya Pellinge, ambako familia ilikwenda kila kiangazi, alimchora kiumbe mwenye sura mbaya kwenye ukuta wa choo cha nje baada ya kubishana na kaka mtu, Per Olov, kuhusu falsafa. 

Vita vilimkuta akijaribu kuwa mchoraji wa turubai. Picha yake iitwayo Familia, ya mwaka 1942, inamweka Tove mwenyewe katikati akiwa amevaa nguo nyeusi, wazazi nyuma yake, na kaka zake wawili wakicheza sataranji, mmoja wao amevaa sare ya jeshi. Mwaka 1943 alifanya maonyesho yake ya kwanza peke yake Helsinki. Mwaka 1944 alipata chumba cha kazi katika mnara wa jengo la Ullanlinnankatu, madirisha yake yakiwa yamevunjwa na mabomu, na hapo ndipo alipoishi na kuchora mpaka mwisho wa maisha yake. Kitabu cha kwanza cha Moomin, kuhusu mama na mtoto wanaomtafuta baba aliyepotea katika mafuriko, kilitoka mwaka 1945. Kilikuwa kijitabu chembamba na hakikuleta kishindo. Kilichofuata mwaka 1946 kilihusu nyotamkia inayokuja kuiangamiza dunia; kwa wasomaji waliokuwa wametoka kusikia habari za Hiroshima, tishio la kutoka angani halikuwa la kubuni tu.

Miaka hiyohiyo halmashauri na taasisi zilianza kumpa kuta. Mwaka 1947 alichora michoro miwili mikubwa kwa ajili ya mkahawa wa jengo la Halmashauri ya Jiji la Helsinki, mmoja ukionyesha sherehe ya mjini na mwingine sherehe ya shamba. Mbinu yake ni ya kupaka rangi kwenye lipu ambayo bado ni mbichi, kazi inayotaka haraka na mkono usiosita, kwa maana lipu ikikauka hakuna kusahihisha. Mbele kabisa ya sherehe ya mjini ameketi mwanamke mwenye sigara, ambaye ni mchoraji mwenyewe. Karibu na glasi yake, mezani, amesimama mumintroll mdogo. Mtu anaweza kupita mara kumi asimwone. Michoro hiyo miwili sasa imo katika HAM, makumbusho ya sanaa ya jiji la Helsinki, na kumtafuta kiumbe huyo kumekuwa mchezo wa wageni. Lakini kwa mwanahistoria ni ushahidi: mwaka 1947 Moomin aliruhusiwa kuingia katika sanaa rasmi ikiwa tu atajificha.

Hadithi yake ya kwanza ya picha ilitoka pia mwaka 1947, katika Ny Tid, gazeti la Kiswidi la mrengo wa kushoto lililohaririwa na rafiki yake Atos Wirtanen. Ilidumu mpaka mwaka 1948. Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba familia hii ni ya mabwanyenye, kwa kuwa Baba Moomin alionekana akisoma gazeti la wapenda wafalme. Safu ikasimama, lakini ufundi wa kugawa kisa katika visanduku ulibaki mkononi.

Mlango mkubwa ulifunguliwa na London. Mwaka 1950 kitabu chake cha tatu kilitoka kwa Kiingereza na kupendwa. Mwaka 1952 Charles Sutton wa kampuni ya Associated Newspapers alimwandikia akipendekeza safu ya katuni ya kila siku, ambayo haingekuwa ya watoto hasa bali ya kuyacheka kidogo maisha ya watu wanaojiita wastaarabu. Mkataba ulikuwa wa miaka 7. Safu ilianza katika The Evening News tarehe 20 Septemba 1954, na hatimaye ikafika katika magazeti yapatayo 120 katika nchi 40 hivi, ikiwa na wasomaji wanaokisiwa kufikia milioni 20 kwa siku.

Kazi hiyo inafaa kuelezwa kama ilivyofanyika, kwa sababu makumbusho huonyesha matokeo tu. Kwanza kisa kizima kilipangwa. Kisha kila ukanda wa visanduku vitatu au vinne ulichorwa kwa penseli, ukapitiwa na wahariri, ndipo ukachorwa upya kwa wino. Maneno yalikuwa ya Kiswidi, na mdogo wake Lars, aliyejua Kiingereza vizuri, aliyatafsiri. Gazeti lilitoka siku sita kwa wiki, yaani kanda zaidi ya 300 kwa mwaka, iwe mchoraji ni mgonjwa au mzima, ana wazo au hana. Ndani ya pingu hizo Jansson alibuni kitu kilichokuja kuwa alama yake. Wachoraji wengine walitenga visanduku kwa mstari mtupu. Yeye alitumia vitu vya ndani ya kisa: mpini wa ufagio, fimbo ya kuvulia samaki, shina la ua, mwavuli, nguzo ya kitanda. Anayetazama kanda halisi leo huona kwamba hata mahali ambapo macho ya msomaji yalipaswa kuruka tu, pana kitu cha kuchezea.

Pesa zilikuja, na pamoja nazo bidhaa: vikombe, wanasesere, matangazo ya biashara, barua za wasomaji zisizokwisha. Tove aliyejibu barua kwa mkono alijikuta hana siku ya kupaka rangi. Mkataba ulipokwisha mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuurefusha. Lars, ambaye hakuwa amesomea uchoraji, alijifunza kuiga mkono wa dada yake na kuichukua safu yote mwaka 1960. Aliiendesha mpaka mwaka 1975. Ni nadra katika historia ya katuni kwa urithi wa namna hiyo kufanikiwa. Kanda za Lars zina dhihaka kavu zaidi na mandhari tupu zaidi, na anayezijua zote mbili hahitaji kuangalia sahihi.

Vielelezo vya vitabu vilikuwa na hatima tofauti, kwa kuwa huko mwandishi na mchoraji walikuwa mtu mmoja na hakuna mhariri aliyedai kipande kila asubuhi. Riwaya za Moomin ni 9, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1970, mwaka aliofariki mama yake. Katika kitabu hicho familia nzima haipo, na wageni wanaingoja katika nyumba tupu. Kitabu cha picha cha mwaka 1952 kilikatwa matundu katika kurasa ili msomaji achungulie yaliyo mbele, na kikampatia Nishani ya Nils Holgersson ya Uswidi mwaka 1953. Kwa riwaya ya majira ya baridi ya mwaka 1957 aliacha kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Alichukua karatasi nzito iliyopakwa weusi na kukwaruza, hivi kwamba theluji na mwanga hutoka gizani, na giza ndilo linalokuwapo kwanza. Kwa nchi ambayo Desemba yake haina jua la maana, mbinu hiyo ilikuwa ni maelezo ya hali ya hewa.

Alichora pia maandishi ya wengine. Astrid Lindgren, mwandishi wa Uswidi aliyekuwa pia mhariri wa vitabu, alimwomba vielelezo vya The Hobbit, kitabu cha Tolkien, vilivyotoka mwaka 1962. Humo Gollum, kiumbe wa pangoni, amechorwa akiwa jitu linalomfunika mhusika mkuu, kwa sababu maandishi hayakuwa yamesema ukubwa wake. Matoleo ya baadaye ya kitabu hicho yanaeleza waziwazi kwamba ni kiumbe kidogo. Mwaka 1966 ikafuata Alice's Adventures in Wonderland.

Mwaka huohuo wa 1966 alipewa Tuzo ya Hans Christian Andersen, tuzo ya juu kabisa ya kimataifa katika fasihi ya watoto. Hapa kuna jambo linalosahauliwa mara kwa mara. Tuzo hiyo ina matawi mawili, la waandishi na la wachoraji, na tawi la wachoraji lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo, likaenda kwa Mswisi Alois Carigiet. Jansson alitunukiwa kama mwandishi. Mikono miwili ya mtu mmoja ilipimwa, na ule ulioshika kalamu ya kuchora ukaachwa. Tuzo nyingine zilifuata, ikiwemo nishani ya Pro Finlandia mwaka 1976 na Tuzo ya Selma Lagerlöf ya Uswidi mwaka 1992, lakini suala la mahali hasa pa michoro yake lilikuwa bado halijajibiwa.

Suala hilo halikuwa lake peke yake. Karne ya 20 kwa sehemu kubwa iliihesabu katuni ya gazeti kuwa mali ya mtambo wa kupiga chapa: karatasi ya asili ilikuwa njia ya kufikia nakala, na nakala ilifungia samaki kesho yake. Hata neno lenyewe lina historia ya kushuka daraja. Katuni limetoka Kiingereza, nacho kililichukua Kiitaliano, ambako cartone ni karatasi kubwa nzito waliyochorea mafundi kipimo kamili cha mchoro kabla ya kuuhamishia ukutani. Mwaka 1843 michoro ya aina hiyo ilionyeshwa London kwa ajili ya mapambo ya jengo jipya la Bunge. Jarida la dhihaka la Punch likaikejeli shughuli hiyo kwa kuchapisha katuni zake lenyewe, zikionyesha masikini waliovaa matambara wakitazama picha za fahari. Maana mpya ikashinda, na ile ya zamani ikabaki kwa wataalamu.

Aliyebadilisha hali hiyo kwa michoro ya Moomin hakuwa mkuu wa jumba la sanaa. Alikuwa Tuulikki Pietilä, msanii wa michoro ya kuchapa kwa mbao na shaba, aliyekuwa mwenzi wa Tove tangu katikati ya miaka ya 1950 na ambaye ni kielelezo cha Too-ticki, mhusika mwenye busara wa kitabu cha majira ya baridi. Wawili hao walikuwa na kisiwa chao, Klovharun, mwamba mtupu wa baharini usio na umeme, walikojenga kibanda katikati ya miaka ya 1960. Pietilä alipenda kazi ya mbao. Kati ya mwaka 1976 na 1979 yeye, Tove na Pentti Eistola, ambaye alikuwa daktari, walijenga nyumba ya Moomin ya kimo kinachozidi mita mbili, bila ramani, wakiongeza vyumba kadiri walivyopata hamu. Ndani yake mna jiko, maktaba, ghala, ngazi za kuzunguka, mitungi midogo ya jamu na taa zinazowaka. Ilianza kama burudani ya jioni ya watu watatu wenye umri mkubwa.

Nyumba hiyo ilionyeshwa mwaka 1979 mjini Bratislava, katika maonyesho ya kimataifa ya vielelezo vya vitabu vya watoto yanayofanyika huko kila baada ya miaka miwili. Per Olov, kaka mpiga picha, aliipiga picha ndani na nje, na kitabu cha picha hizo kikatoka mwaka 1980. Pietilä aliendelea kutengeneza mandhari ndogo za mbao na udongo, akigeuza michoro ya vitabu kuwa vitu vya kuzungukwa na jicho. Zikawa 40 hivi. Sasa kukawa na tatizo la mahali. Nyumba ya ukubwa ule haikai sebuleni, na haifai kuuzwa kipande kipande.

Hivyo ndivyo zawadi ya mwaka 1986 ilivyokuja. Pamoja na nyumba na mandhari, Tove alitoa michoro ya asili ya vitabu: penseli, wino, rangi za maji, rasimu zilizokataliwa na zilizokubaliwa. Alichagua Tampere badala ya mji wake wa Helsinki, na Tampere ilikuwa na nafasi ya pekee. Mwaka huohuo maktaba kuu ya mji ilikamilika, jengo lenye paa la mikunjo lililopewa jina la Metso, ndege mkubwa wa misituni. Wasanifu wake walikuwa Raili na Reima Pietilä; Reima alikuwa kaka yake Tuulikki. Mwaka 1987 makumbusho yalifunguliwa ndani ya maktaba hiyo kwa jina la Bonde la Moomin, chini ya usimamizi wa Makumbusho ya Sanaa ya Tampere.

Kuwekwa maktabani kulikuwa na maana yake. Mtoto alishuka kutoka kwenye rafu ya vitabu akiwa na kitabu mkononi, akakuta karatasi ambayo picha ya ukurasa ule ilichorewa. Aliweza kulinganisha. Aliona masahihisho ya rangi nyeupe, alama za kalamu ya mhariri, mstari uliofutwa. Majumba makubwa ya sanaa huficha masahihisho. Hapa ndiyo yaliyokuwa somo. Lakini maktaba ilikuwa pia mahali pa pembeni. Kwa miaka zaidi ya 20 msafiri wa sanaa aliyekwenda Ufini aliweza kuona picha za mafuta za Jansson katika jengo moja na Moomin katika jengo jingine, kama vile ni watu wawili.

Maonyesho yaliyowaunganisha yalifanyika mwaka 2014, miaka 100 baada ya kuzaliwa kwake, ndani ya Ateneum. Yalifunguliwa tarehe 14 Machi na kufungwa tarehe 7 Septemba, yakiongozwa na mwanahistoria wa sanaa Tuula Karjalainen, aliyekuwa ameandika pia wasifu wa msanii. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, picha za ujanani za rangi za mafuta, majalada ya Garm, kanda za gazeti la London, picha za karibu na udhahania za miaka ya 1960 na vielelezo vya vitabu vilitundikwa katika mfululizo mmoja. Jengo lilikuwa lilelile alilosomea kuanzia mwaka 1933. Mpangilio ulitoa hoja ambayo maandishi yalikuwa yameshindwa kuisema kwa ufupi: mlalo wa mawimbi katika picha ya bahari ya miaka ya 1960 ni ule ule wa kielelezo cha riwaya ya Baba Moomin na bahari ya mwaka 1965, na mtoto mdekezi wa mwaka 1938 anashiriki damu na wahusika wenye hasira wa vitabuni, Lilla My kwanza kabisa.

Wahakiki hawakukubaliana kuhusu picha za mafuta. Anayezitazama bila upendeleo ataona mchoraji hodari aliyejua rangi, aliyefuata mikondo ya wakati wake hatua moja nyuma. Katika wino hakuwa nyuma ya yeyote. Maonyesho makubwa ya Dulwich Picture Gallery, London, yaliyofunguliwa tarehe 25 Oktoba 2017 na kuendelea hadi Januari 2018, yalithibitisha hilo bila kukusudia: yalianza na picha zake za nafsi za miaka ya vita, zenye nguvu, lakini umati ulisongamana mbele ya karatasi ndogo za vyumba vya baadaye.

Tampere nayo ilikuwa imesogea. Bonde la Moomin lilitoka maktabani na kukaa kwa muda katika jengo la Makumbusho ya Sanaa, kisha tarehe 17 Juni 2017 likafunguliwa upya Tampere-talo kwa jina la sasa. Vyumba vinafuata vitabu kimoja baada ya kingine, kuanzia mafuriko ya mwaka 1945, na nyumba ya mbao ya orofa nyingi imepewa nafasi yake. Michoro hubadilishwa kwa zamu, kwa kuwa karatasi iliyokaa mwangani kwa miezi inahitaji kupumzika gizani. Mgeni anayerudi baada ya mwaka hakuti kuta zilezile.

Helsinki ilitoa sehemu iliyokuwa imebaki. Tarehe 25 Oktoba 2024 HAM ilifungua maonyesho yaliyoitwa Paradiso, kuhusu michoro ya kuta na majengo ya umma ambayo Jansson aliifanya katika miaka ya 1940 na 1950 kwa mikahawa, viwanda, shule za chekechea na hospitali ya watoto. Kuta haziwezi kubebwa zote, na nyingine ziko katika majengo yanayotumika hadi leo, kwa hiyo mahali pa ukuta palijazwa na karatasi: rasimu kubwa za mkaa alizozichora kwa kipimo kamili kabla ya kupanda kwenye jukwaa la mafundi. Kwa maana ya zamani ya Kiitaliano, hizo ndizo katuni zake.